Sura ya Tano Haitoki

Nitasema yote, na kama kuna wa kunifukuza kazi kwa kutoa siri za ofisi, afanye haraka, maana nimebakiza miezi saba tu nistaafu. Mimi ni Mildred, karani wa kitivo cha sheria katika chuo chetu hapa Kakamega. Kwa miaka kumi na tisa nimechapa barua za wakubwa, nimeandika kumbukumbu za vikao vyao na kuwamiminia chai. Wanasahau kwamba anayemimina chai ana masikio. Kwa hiyo haya ya Daktari Pascalia Osundwa sikuhadithiwa, isipokuwa yale ya utotoni, na hayo alinihadithia mwenyewe.

Ukikutana naye sokoni huwezi kumdhania. Ni mwanamke mfupi, mwendo wa haraka, anavaa raba hata siku ya mahafali, na akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. Hapo ndipo ujue umepatikana. Somo lake ni sheria ya kimataifa, yaani sheria ya nchi na nchi. Watu wakisikia hivyo wanafikiria mabalozi na vita. Hayo anayafundisha, lakini jambo lililomkaa moyoni ni moja tu: maiti anayevuka mpaka. Wanafunzi humwita Daktari Matawi. Anajua, wala hajali.

Jambo lenyewe lilianzia kwao Kabras, akiwa kidato cha tatu. Babake, mkulima wa miwa, alikuwa na dada yake aliyeitwa Selpher, aliyefanya biashara ya nguo upande wa Uganda. Pascalia alimwita senge, kama tunavyowaita shangazi zetu wa kwa baba. Senge Selpher hakuolewa, na alipofariki huko ilibidi aletwe nyumbani azikwe na watu wake. Huku kwetu gari lililobeba maiti hufungwa matawi mabichi mbele na ubavuni, na kila anayeliona huliachia njia. Lakini mpakani, si pale penye foleni ya malori bali kile kituo kidogo upande wa mlima, palikuwa na askari mgeni aliyetaka hati ya kuingiza maiti nchini. Hati hiyo hawakuwa nayo. Gari likakaa juani siku mbili.

Nyumbani nako kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba kaburi likichimbwa haliachwi likalala wazi. Babake Pascalia akakata mgomba, akaulaza mle ndani ushike nafasi ya dada yake. Pascalia aliniambia hakulia alipopata habari ya kifo. Alilia baadaye, aliposimuliwa habari ya ule mgomba, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa na mamake kwenda kumkesha senge kule mpakani, na hakuwapo nyumbani kumshika babake mkono.

Siku ya tatu asubuhi, mkuu wa kile kizuizi, mzee aliyeitwa Wanzala, akarudi kutoka likizo. Akatazama gari, akatazama yale matawi yaliyokwisha kunyauka, akauliza, "Nani amesimamisha watu wa matawi?" Hakungoja jibu. Akainua kizuizi kwa mikono yake mwenyewe na kuvua kofia.

Pascalia, sare ya shule mwilini, akamfuata.

"Mzee, umetufungulia kwa sheria gani?"

"Imekuwanga hivi tangu mpaka uwekwe," Wanzala akamjibu. "Wale wa ng'ambo wanafunguanga, na sisi tunafunguanga. Ile sheria ingine ndiyo iko kwa karatasi. Wewe si unasoma? Enda utafute hii yetu iko wapi."

Basi akaenda kutafuta. Akapata shahada Nairobi, akapata ufadhili wa kusoma Uholanzi, na huko msimamizi wake, mzungu mpole sana, akamshauri aandike kuhusu madini yaliyo chini ya bahari. Huko ndiko kwenye kazi, alimwambia. Pascalia akamjibu kwamba kwao hakuna bahari, kuna mpaka. Mzungu akampa wiki moja afikirie. Wiki hiyo aliitumia kuandika sura ya kwanza, na mstari wake wa kwanza ulikuwa jina la Selpher. Wenzake walimaliza kwa miaka mitatu, yeye akamaliza kwa mitano, lakini alimaliza alichokianza.

Alipoombwa abaki huko alikataa, na Nairobi walipomwita akakataa pia. Akaja kwetu, akapewa chumba kisicho na dirisha karibu na stoo ya mafagio. Nilimwonea huruma nikamwuliza kwa nini amejitupa huku. "Mpaka wangu uko mwendo wa saa mbili kutoka hapa, Mama Mildred," akasema. "Dirisha la nini?"

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila wikendi aliyopata nafasi alikwenda kile kituo cha mpakani, akaketi kwenye benchi la akina mama wachoma mahindi, akangoja magari ya matawi. Likipita gari, anajaza fomu: tarehe, jina la marehemu, nani alifungua kizuizi, aliulizwa nini na alijibu nini. Chini kabisa kuna nafasi ya sahihi na namba ya kitambulisho ya ndugu aliyeisindikiza maiti. Bila sahihi ya ndugu, safari haihesabiwi. Nimemwona akichana fomu nzuri kabisa kwa sababu mfiwa alikataa kutia sahihi, na sikumwelewa. "Ni maiti yao, si yangu," alinijibu.

Fomu zote nilizichapa mimi, ndiyo maana najua hoja yake kama ninavyojua sala. Sheria ya kimataifa si mikataba peke yake. Kuna ile inayotokana na desturi, na desturi haiwi sheria mpaka iwe na vitu viwili. Nchi ziwe zinalifanya jambo lile kwa kurudiarudia, na ziwe zinalifanya kwa kuamini kwamba ni lazima, si kwa hisani. Hayo ndiyo aliyoyaweka kwenye kitabu chake, sura ya tano: kwamba baina ya Kenya na Uganda, pale mlimani, gari la matawi lina haki ya kupita.

Sasa niwalete kwenye kikao.

Daktari Pascalia alikuwa ameomba cheo cha profesa mara mbili, akakataliwa mara mbili kwa ajili ya sura hiyohiyo. Mwaka jana akaomba mara ya tatu. Mwenyekiti wa kamati ya vyeo, mara zote tatu, alikuwa Profesa Phineas Lusweti, na cheo kile hakipatikani bila sahihi yake. Lusweti si mtu mbaya. Ni mtu wa Chekalini, mtoto wa wakulima wa mahindi, aliyepanda kwa jasho lake, na hofu yake kubwa ni kwamba wageni watatucheka. Siku ile palikuwa na mgeni, mtahini kutoka Nairobi, amevaa suti ya kijivu. Mimi nilikuwa kwenye kona na daftari langu na birika.

"Daktari," Lusweti akaanza, "maandishi yako mengine ni mazuri sana. Lakini sura ya tano ni matanga matupu. Itoe, nami nitatia sahihi leo hii. Kalamu ninayo."

"Haitoki, Prof," akasema. Sauti ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Kwa nini unajiumiza? Askari anamwonea mfiwa huruma, anafungua. Hiyo ni huruma, si sheria. Onyesha ni wapi mmoja wao amesema ni lazima."

Hapo mgeni akafungua ukurasa alioukunja. "Na safari hii ya kumi na saba?" akauliza, huku akitabasamu. "Nimesoma vizuri?"

Alisoma vizuri. Safari ya kumi na saba gari lilikuja na matawi yake, waombolezaji wanne wanalia, kizuizi kikainuliwa. Hatua mia mbele likaruka tuta, mlango wa nyuma ukafunguka na jeneza likadondoka. Ndani mlikuwa na sukari. Sukari, jamani, inapelekwa Kabras kwenye miwa! Watu walicheka mpaka Malava. Na fomu ilijazwa kama kawaida, na kwa kuwa sukari haina ndugu, dereva akatia sahihi.

"Wewe mwenyewe umeandika kwamba matawi yanadanganya," mgeni akasema. "Mtu mwingine angeificha fomu hii."

"Sikuificha kwa sababu ndiyo fomu yangu bora," Daktari akamjibu. "Yule tapeli alijificha nyuma ya nini? Nyuma ya matawi. Angejificha nyuma ya kitu kisichokuwa na nguvu? Wale mama wa mahindi walikataa kumuuzia hata maji. Askari aliyedanganywa alilia, na si kwa sababu ya ushuru. Na sasa fungua safari ya kumi na nane. Ni siku iliyofuata. Askari yuleyule, gari jingine la matawi, na alilifungulia bila kugusa jeneza. Mnataka sheria isiyovunjwa na mtu? Haipo duniani. Tazameni watu wanavyofanya ikivunjwa."

Mimi nilitaka kupiga makofi. Nilimwaga chai kidogo, basi.

Nikamwona mgeni anarudi kuusoma ule ukurasa upya. Lakini Lusweti akawa kama mtu anayesikia vicheko kutoka mbali. "Matawi si sheria," akasema. "Tunaahirisha mpaka sura hiyo iondolewe." Kesho yake nikaichapa barua ile ya kuahirisha, nikagonga vitufe mpaka kimoja kikang'oka. Nilipompelekea Daktari, aliisoma amesimama. "Mara ya nne nitaiongeza kurasa," akasema, na akaenda darasani.

Kamati haikukaa tena mwaka ule. Na baada ya miezi minane, mauti yakabisha hodi kwa Lusweti.

Mdogo wake, Sydney, alikuwa na karakana ya pikipiki ng'ambo ya mpaka. Akaanguka ghafla, akafa. Ukoo ukaamua azikwe Chekalini Jumamosi. Ijumaa ile ilikuwa sikukuu, ofisi za hati zimefungwa hadi Jumatatu, na Jumamosi alfajiri vijana wa nyumbani, bila kuuliza mtu, wakachimba kaburi. Saa mbili unusu asubuhi simu yangu ikalia.

"Mildred, niko mpakani na ndugu yangu. Wamenizuia. Hebu nipe namba ya Daktari Osundwa."

"Namba unayo, Prof," nikamwambia. "Umemwandikia barua mara tatu."

Papo hapo nikaona haya kidogo, maana mtu alikuwa amefiwa. Nikampigia Daktari mwenyewe. Nilidhani atasema neno, hata moja tu, na haki alikuwa nayo. Aliuliza tu wako kituo gani. Kikawa ni kilekile. Akanipitia nyumbani na kigari chake kikuukuu, bahasha ya fomu ikiwa kwenye kiti cha nyuma kama siku zote, na tulipofika mpakani ilikuwa imekaribia saa tano.

Nilichokiona pale sitakisahau. Gari la maiti limesimama baina ya nchi mbili. Upande wa Uganda walikuwa wamelitoa, maana hati inayodaiwa ni ya kuingiza, upande wetu wakalikataa. Profesa Lusweti amesimama mbele ya kizuizi kwa suti nyeusi, faili nene kifuani limefungwa kamba, anamsomea afisa barua moja baada ya nyingine: barua ya chuo, barua ya chifu, nakala ya kitambulisho. Afisa alikuwa msichana mdogo, umri wa wanafunzi wetu, na uso wake haukuonyesha kitu.

Na gari lilikuwa jeupe tupu. Hakuna hata jani.

"Prof," Daktari akauliza taratibu, "matawi yako wapi?"

Dereva ndiye aliyejibu. "Nilikuwa nimefunga, madam. Yeye akaniambia nitoe. Alisema tunapita na karatasi."

Nikaelewa, na nikamhurumia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mtu aliyeandika mara tatu kwamba matawi si sheria angepitaje mpakani nyuma ya matawi? Aliona haya. Sasa haya yake ilikuwa imemlaza mdogo wake juani.

"Mimi sijakataa mtu wa matanga," afisa akajitetea. "Lakini gari ya jeneza bila majani? Si ile mambo ya sukari tunaikumbukanga? Karatasi nayo si ile inatakikana. Sasa mimi nifungue kwa nini?"

Daktari akashuka kando ya barabara, akavunja matawi manne mazito, akarudi nayo. Nilidhani atayafunga. Akamkabidhi Lusweti.

"Funga wewe," akamwambia. "Ni ndugu yako."

Profesa akayapokea. Akatafuta cha kufungia, hakuna. Ndipo akaifungua kamba ya faili lake, barua zikamwagika chini, nikawa nazikimbiza mimi kwenye vumbi kama kawaida yangu. Alifunga tawi la kwanza vibaya, likaanguka. Akalifunga tena. Alipofika la nne alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, na wala hakujifuta.

Yule afisa akavua kofia. Akaenda kwenye kizuizi akakiinua.

Daktari alikuwa ameshatoa fomu. "Dada," akamwuliza yule afisa, na sauti yake ilikuwa chini kabisa, "umefungua kwa kumwonea huruma?"

"Huruma?" Msichana akashangaa. "Hapana, madam. Hata kama simpendi. Majani yakikuja ni lazima. Tulionyeshwa hivyo na wenye walikuwa hapa mbele yetu, na wale wa ng'ambo wanajua hivyo. Nikikataa, nitaambia watu nini?"

Neno lile lilitoka kinywani mwake hivyohivyo. Lazima. Lusweti alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na alisikia kama nilivyosikia. Nilimwona akifumba macho.

Daktari akaandika jibu lote neno kwa neno, akaweka fomu juu ya boneti ya gari, akamgeukia. "Safari ya arobaini na mbili," akasema. "Marehemu Sydney Lusweti. Nimeandika kwamba gari lilizuiwa bila matawi likiwa na barua sita, na likafunguliwa likiwa na matawi. Kama kuna neno la uongo, Prof, niambie nilifute. Na kama hutaki kutia sahihi, nitaichana hapahapa na hutaisikia tena. Ni maiti yako."

Nilijua angeichana kweli, nilishamwona akizichana. Fomu aliyoitafuta miaka yote ilikuwa pale, na yeye alikuwa tayari kuitupa.

Lusweti aliisoma mpaka mwisho. Akatoa ile kalamu yake, kalamu ileile ya kikaoni, akatia sahihi.

"Daktari," akasema, "ile sura ya tano... faili lako, nikirudi..."

"Hujaandika namba ya kitambulisho, Prof," akamkatiza. "Bila hiyo haihesabiwi. Halafu twende. Kaburi liko wazi."

Akaandika namba. Tukaenda. Sydney alizikwa kabla ya saa kumi, na hakuna aliyelazimika kukata mgomba. Jioni nilimwona Daktari ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hema, sahani ya obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mapajani, wala haigusi. Nikamwuliza kulikoni. "Senge alikaa pale siku mbili," akasema, na machozi yakamtoka. Nikakaa naye mpaka alipokula.

Jumatatu niliichapa ile fomu kwa uangalifu kuliko zote. Shahidi: Profesa Phineas Lusweti, namba ya kitambulisho, sahihi. Daktari ameshapeleka ombi la mara ya nne, na sura ya tano imeongezeka kurasa tatu. Faili la ombi hilo nimelipanga mimi mwenyewe, na fomu ya arobaini na mbili nimeiweka juu kabisa, pale mwenyekiti anapoanzia kusoma. Kikao ni mwezi ujao. Chai nitamimina mimi, na daftari litakuwa mkononi. Sasa aje mtu aniambie niandike kwamba sura ya tano iondolewe.